Pichi kwa Fundi wa Sindano

Subira haivuti heri. Subira huvuta nzi, na Iride Gandolfi alikuwa amewafukuza kwa miaka kumi na mmoja.

Kila mwezi wa kwanza, baridi inapouma hadi mifupani, Iride alichinja nguruwe mmoja. Paja la nyuma alilisugua kwa chumvi, akalikandamiza mpaka damu ikaisha, akalitundika katika ghala lililo chini ya nyumba yake pale Casalverza, kijiji kilichokaa juu ya bonde la mto Parma kama kofia iliyosahauliwa kilimani. Upepo mkavu ulipovuma alifungua dirisha, ukungu ulipopanda alilifunga. Mahali pasipo na ngozi alipaka mafuta ya nguruwe ili nyama isipasuke. Halafu alingoja. Hakuweka moto wala moshi. Kwa miezi ishirini ilikuwa chumvi, upepo na kungoja tu, hadi nyama iwe nyekundu ya waridi na shahamu yake iwe nyeupe kama mshumaa wa altareni.

Na kila mwezi wa tisa, siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, tini zikiwa zimeiva hadi kudondosha asali, alilipakia paja lake kwenye mkokoteni na kulisukuma hadi ukumbi wa kanisa. Huko wanaume saba wenye joho la kijani, waliojiita Chama cha Paja, walikaa kusubiri kulikataa.

Ilikuwa desturi. Kila nyumba ilileta paja moja, na moja tu lilichaguliwa. Hilo ndilo lililoliwa na kijiji kizima siku ya sikukuu, pamoja na tini, na jina la nyumba yake lilichongwa kwenye ubao ukutani. Jina la Oreste Gandolfi lilikuwa pale mara mbili. Oreste, marehemu mumewe Iride, alikuwa mtu mwema ambaye hakuweza kutofautisha chumvi na sukari mpaka aonje. Kazi yake katika mapaja yale mawili ilikuwa kuyabeba begani kuanzia mlangoni hadi ukumbini. Alipofariki, paja la kwanza ambalo Iride alilipeleka mwenyewe likakataliwa. Na la pili. Na la tatu. Nguruwe ni walewale, chumvi ileile, mikono ileile. Kilichobadilika ni suruali.

Mwenye kukataa alikuwa Ermes Pezzani, Fundi wa Sindano. Sindano yenyewe ilikuwa ya mfupa wa farasi, nyembamba, ndefu kama kidole cha kati, imening'inia shingoni mwake kwa uzi wa hariri. Mfupa huo una sifa moja: ukiuchoma nyamani unanasa harufu ya ndani, na ukiufuta unaiachia upesi, tayari kwa tundu jingine. Fundi huchoma mahali patano, na kila mara hupitisha sindano chini ya pua. Akinusa ubovu kwenye mfupa, paja limekwisha. Ermes alifanya kazi hiyo kwa madaha ya askofu. Alifumba macho. Masharubu yake yalitikisika. Kisha alitoa hukumu, na watu waliirudia wiki nzima.

"Dada Iride," alimwambia mwaka uliotangulia, "paja lako linanukia uvumilivu. Lakini uvumilivu hauliwi."

Ukumbi mzima ulicheka. Meya Learco Bertoli alicheka mpaka akashika nguzo.

*

Mwaka huu Ermes alikwenda jikoni kwa Iride siku mbili kabla ya ukaguzi. Ilibidi aende, kwa sababu mpishi wa sikukuu alikuwa Iride. Kijiji hakikutaka jina lake ubaoni, ila mikono yake kiliitaka sana.

Alimkuta na wifi yake, Zelinda, dada wa marehemu Oreste, mwanamke mwenye ulimi ulionolewa pande zote mbili. Zelinda alikuwa akimenya tini. Pale Casalverza rafiki humenyewa tini, adui humenyewa pichi. Mtoto hulijua hilo kabla hajajua kusali. Wazee walisema ganda la tini lina madhara na ganda la pichi ndilo dawa ya sumu iliyo ndani ya pichi. Kwa hiyo ukimmenyea mtu pichi, umemwambia bila kufungua mdomo kwamba siku ya mazishi yake utakula vizuri.

"Nataka kila sahani ipangwe kwa heshima," Ermes alianza, mikono mgongoni. "Vipande vyembamba hata mtu aone mwanga. Na shahamu isikatwe."

"Fundi, mimi nikate shahamu?" Iride aliuliza. "Bora nikate kidole."

"Nakumbusha tu. Wanawake wa siku hizi wanaogopa kunenepa."

Zelinda akalitazama tumbo la Ermes, ambalo lilitangulia ndani ya chumba kabla yake, akasema, "Na wanaume je, wanaogopa nini, Fundi?"

Nyuma ya Ermes, juu ya jiko, sufuria ya jamu ya tini ilikuwa imeanza kuungua. Iride aliinusa kwanza, ile harufu chungu ya sukari inayogeuka makaa. Alitaka kuruka. Lakini Ermes alikuwa amesimama katikati, akieleza jinsi ya kupanga meza kuu, na moshi mweusi ulikuwa ukipanda polepole nyuma ya masikio yake kama mtu anayetolewa mapepo.

Alivuta pumzi ndefu. Alitabasamu.

"Aaa," alisema. "Harufu tamu ya tini. Jiko la Iride halijawahi kunidanganya."

Zelinda akaacha kisu. Wifi wawili wakatazamana. Sufuria ikatoa mlio, kitu ndani yake kikapasuka, na Ermes bado akawa anatabasamu.

"Fundi, una jasho," Zelinda akasema kwa sauti ya asali. "Jifute." Akampa kitambaa kilichokuwa ndooni, kilekile alichokuwa amefutia sakafu chini ya banda la kuku. Ermes akajifuta paji la uso, akafuta masharubu, tena kwa uangalifu, upande huu na upande ule, akamrudishia.

"Ahsante, Zelinda. Wewe una adabu kuliko wengine."

Alipoondoka, Zelinda alikaa chini sakafuni akacheka bila sauti, machozi yakimtoka. Iride hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Ile homa," alisema. "Majira ya baridi, mwishoni mwa mwaka juzi. Alilala wiki tatu."

"Ikaondoka na pua."

"Mwaka jana alinusa nini basi, wifi? Alisema uvumilivu."

"Alinusa upepo, mwenzangu. Na kabla ya hapo alinusa sketi." Zelinda akajifuta macho. "Tukawaambie!"

"Tukamwambie nani? Chama? Meya?" Iride aliinua sufuria na kuitazama chini yake iliyogeuka lami. "Mimi ni mjane aliyekataliwa miaka kumi. Nikisema Fundi hana pua, watasema nina kinyongo. Pua yangu haina joho la kijani."

*

Siku ya ukaguzi yalikuwepo mapaja tisa juu ya meza ndefu. Iride alisimama safu ya tatu, karibu na Padri Olinto, mzee mpole ambaye hakuwahi kugombana na mtu yeyote, hata Shetani.

Paja la Iride lilikuwa la nne. Ermes alilichoma mara tano. Sindano ilipotoka mara ya kwanza, Iride, hatua sita nyuma, aliipata harufu yake: siagi, karanga, nyasi kavu za mwezi wa sita. Katika miaka yote aliyofanya kazi hii hakuwahi kutengeneza jingine kama lile, na alijua pengine hatalitengeneza tena. Magoti yake yalikuwa yamefika miaka sitini na mitatu na ngazi za ghala zilikuwa kumi na nne.

Ermes alifumba macho. Masharubu yakatikisika.

"Zizi," alisema. "Zizi la mbuzi, baada ya mvua. Pole, Dada Iride."

Watu wakacheka, si sana, maana mzaha ulikuwa umezeeka. Iride aliangalia mikono yake.

Paja la nane lilikuwa la Meya Learco. Lilikuwa kubwa, limefungwa utepe wa bluu, na Meya mwenyewe alisimama kando yake kama baba wa bibi harusi. Ermes alichoma karibu na mfupa, akavuta.

Harufu iliyotoka pale haikuhitaji sindano. Ilitoka yenyewe, ikatembea ukumbini, ikasalimia watu mmoja mmoja. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa mara mbili. Safu ya kwanza ilirudi nyuma nusu hatua, kisha, kwa aibu, ikarudi mbele. Mwanachama mmoja wa Chama alikohoa ndani ya joho lake. Padri Olinto akatoa leso, akajifanya anapiga chafya, akabaki nayo puani kama mtu anayeomboleza.

Ermes alifumba macho kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Maua," alinong'ona. "Maua ya msituni asubuhi, ndugu zangu. Miaka ishirini sijakutana na kitu kama hiki."

Hapo ndipo Iride alipowaona. Watu mia moja na ishirini, waliozaliwa na kukulia chini ya mapaja yanayoning'inia, ambao wangeweza kutambua gizani paja la mwaka huu na la mwaka jana, wakavuta pumzi, wakakunja uso, wakaukunjua, na kuanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Maua. Kweli, maua. Sindano imesema. Kama sindano imesema maua na pua yako inasema mzoga, basi kaioshe pua.

"Padri," Iride alimnong'oneza, "unanusa nini?"

"Mwanangu," alijibu Padri kupitia leso, "nina mafua."

*

Jioni hiyo Meya alilileta paja lake lililoshinda jikoni yeye mwenyewe, akaliweka mezani, na Zelinda akafungua madirisha yote mawili.

"Kila mtu apate," Meya alisema. "Wadogo kwa wakubwa. Nataka kijiji kizima kionje nyumba ya Bertoli kwa mkono wa Iride Gandolfi. Si heshima hiyo?"

"Heshima kubwa, Bwana Meya. Na meza kuu?"

"Meza kuu kwanza, bila shaka! Mimi, Fundi, Chama, Padri. Kata vinene kidogo kwetu."

"Vinene," Iride aliitikia. "Nimesikia."

Alipotoka, Zelinda alilichungulia paja kwa mbali, mkono puani. "Utawalisha watu hiki? Kwa mkono wako? Wifi, kesho kutwa kijiji kizima kitakuwa chooni, na nani atalaumiwa? Sindano?"

Iride alishuka ngazi kumi na nne, akalitoa paja lake lililokataliwa, akapanda nalo likiwa limemlemea kifuani kama mtoto aliyelala. Akalilaza upande wa pili wa meza. Akachukua kisu kirefu, akakata kipande kimoja, chembamba, chenye utepe wake wa shahamu, akamwekea Zelinda kwenye ulimi kama Padri anavyogawa komunyo.

Zelinda alifumba mdomo. Hakusema kitu. Kwa Zelinda, huo ulikuwa muujiza ambao ungeweza kupelekwa Roma.

"Wakubwa wamelichagua la Meya," Iride alisema hatimaye. "Watakula. Vinene, kama alivyoagiza. Hawa wengine hakuna aliyewauliza wanataka nini, kwa hiyo nitawapa ninachotaka mimi. Niletee tini zote."

"Na za meza kuu nimenye?"

Iride alifikiri. Nje, kwenye ukuta wa bustani, mti wa pichi ulikuwa na matunda yake ya mwisho.

"Za meza kuu hapana," alisema. "Meza kuu nitamenya mimi."

*

Sikukuu ilikuwa ya jua kali. Meza zilipangwa uwanjani mbele ya kanisa, meza kuu juu ya ngazi, chini ya kitambaa chekundu. Kwa watu wa chini Iride alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri. Nusu ya tini alizimenya na kuzipasua, akazilaza juu ya vipande vya paja lake vilivyojikunja vyenyewe. Nusu nyingine alizivisha vipande hivyo kama shuka, akaziingiza katika tanuri moto, muda wa kusema Salamu Maria tatu tu, mpaka shahamu ikayeyuka ndani ya tini na asali ya tini ikatoka kuitafuta. Kando yake kulikuwa na maandazi ya chumvi yaliyokaangwa katika mafuta ya nguruwe, yamevimba kwa majivuno kama wanachama wa Chama.

Sahani za meza kuu alizibeba mwenyewe. Vipande vilikuwa vinene kama kidole. Na kando ya kila kipande, ikiwa uchi, imemenywa vizuri bila doa, ilikaa pichi.

Watu walisimama kwenye viti ili waone. Pichi saba kwa Chama, moja kwa Meya, moja kwa Padri, moja kwa Fundi. Ya Fundi ilikuwa kubwa kuliko zote.

Ermes aliitazama sahani yake. Shingo ikamwiva. Lakini desturi ilikuwa desturi: hakuna anayekula mpaka Fundi aonje na kutamka. Alichukua kipande, akatafuna, akameza, akainua mkono.

"Tamu!" alisema.

Chini, watu mia na zaidi wakaingiza mikono. Juu, meza kuu ikaingiza uma.

Meya Learco alitafuna mara moja, akaacha kutafuna, akaanza tena kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Macho yake yalijaa maji. Kutema hakuweza, lilikuwa paja lake. Wanachama wa Chama nao hawakuweza, kwani wao ndio waliolichagua. Wanaume saba wenye joho la kijani walimeza mmoja baada ya mwingine, nyuso zikigeuka rangi ya joho.

"Lina… kina," alisema mmoja.

"Kina kirefu," mwenzake akaitikia, akashika meza.

Ni Ermes peke yake aliyekula kwa raha, akaomba kipande cha pili. Padri Olinto, ambaye hakupenda kugombana, alikisukuma chake polepole ndani ya mkono wa kanzu yake, akaukunja, akatabasamu mbinguni.

Kutoka chini ilipanda sauti ambayo Casalverza haikuwa imeisikia siku nyingi. Ilikuwa sauti ya watu waliosahau kuzungumza. Mzee mmoja alikuwa analamba sahani. Mwanamke mmoja alikuwa na tini mdomoni na machozi mashavuni. Kisha mtu akapiga kelele, "Iride! Maua yako wapi? Hili si maua, hili ni uchawi! Ongeza!" Na wote wakaanza kugonga meza kwa vijiko.

Meya aliangalia chini, akaona vipande vyembamba vya waridi. Akaangalia sahani yake ya kijivu. Akaelewa.

"Iride Gandolfi!" aliita. "Njoo hapa!"

Iride akapanda ngazi akijifuta mikono kwenye aproni. Zelinda alikuja nyuma yake, kwa sababu hakuna nguvu duniani ingeweza kumzuia.

"Utaomba radhi," alisema Meya, "mbele ya kijiji."

"Kwa nini, Bwana Meya? Kuna kitu kibaya mezani?"

Meya alifungua mdomo. Wanachama saba walimwangalia kwa hofu. Akaufunga, kisha akaufungua tena.

"Pichi," alisema.

"Pichi tu?"

"Pichi tu."

"Na nyama?"

"Nyama," alisema, "ni tamu."

"Basi muongeze!" Zelinda akadakia. "Jikoni imebaki nusu nzima, inawangojea. Hata haihitaji kubebwa, ukiiita itakuja yenyewe."

Uwanja ukaangua kicheko. Katikati ya kelele hizo Ermes aliinuka na kumsogelea Iride, karibu sana, hata Iride akaona jinsi kitambaa cha shingo yake kilivyofungwa vibaya. Sauti yake haikuwa ya askofu tena.

"Iride," alinong'ona. "Hili ninalokula. Lina nini?"

Iride alimtazama. Alikuwa mzee mwenye makombo kwenye masharubu na mfupa wa farasi shingoni. Kwa dakika moja alikaribia kumhurumia.

"Niambie kwanza wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Langu. La nne. Lilinukia nini?"

Vidole vya Ermes vilitafuta sindano, vikaishika, vikaiachia.

"Sijui," alisema.

"Na la mwaka juzi? Kabla ya homa?"

Hapo aliangalia pembeni. "Lile," alisema, "lilikuwa zuri."

Huruma aliyokuwa ameanza kumwonea ikaishia hapo. Miaka kumi na mmoja alikuwa ametaka kusikia neno hilo. Sasa limekuja likinong'onwa, limekunjwa kama nyama ndani ya mkono wa kanzu.

"Liseme kwa sauti, Fundi."

Ermes aliwaangalia watu waliokuwa wakigonga vijiko. Akamwangalia Meya. Akarudi kukaa kwenye kiti chake, mbele ya pichi yake.

"Haya, Dada Iride," alisema Meya akijifuta jasho, akijitahidi kuwa mpole. "Sikukuu ni sikukuu. Sema neno moja, nasi tutasahau. Labda mwakani paja lako litaangaliwa kwa jicho jingine. Sema tu, samahani kwa pichi."

Ubavuni pake Padri Olinto alikuwa akipunga mkono polepole hewani. Nzi watatu, wa kijani, walikuwa wamegundua kanzu yake.

Iride alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza kuu, kati ya Meya na nyama yake.

"Pichi nilizimenya kwa mkono wangu, moja moja, nikijua namenyea nani," alisema, na safari hii hata waliokuwa mwisho wa uwanja walimsikia. "Siombi radhi. Si leo, si Jumapili, si nikiwa kitandani nakufa na Padri huyu yuko kando yangu na nzi wake. Siombi."